Kipimo Kabla ya Karo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mzazi hushikwa na haraka: mtoto aandikishwe chuo cha ufundi, karo ilipwe, roho itulie. Swali moja husahauliwa: je, kijana anazo stadi za msingi ambazo fani hiyo inazidai?

Natutazame Tabaka, Kisii, penye mawe laini ya kuchongea vinyago. Huko mtoto huanza kando ya wakubwa, akisugua jiwe kwa msasa na maji. Mkono wake na subira yake huonekana kabla ya kukabidhiwa kisu. Hiyo ni tathmini, ijapokuwa haina karatasi.

Vyuo vya ufundi vya kaunti, Kisii na Nyamira kama kwetu Pwani, humpokea hata aliyeishia shule ya msingi. Mlango mpana ni kheri. Lakini binti asiyejua nusu na robo ataharibu kitambaa cha watu, na kijana wa umeme asiyeweza kusoma onyo huihatarisha roho yake.

Kumpima si kumfukuza. Ni kujua aongezewe nini, au aelekezwe fani ipi. Nabii Daud (a.s.), fundi wa deraya, aliamrishwa kukadiria sawasawa pete zake.

Basi mama, kabla ya kulipa, mpe mwanao tepu apime dirisha, asome maelezo ya dawa, apige hesabu ya sokoni. Kisha mwombe mwalimu wa chuo naye ampime. Karo ikishalipwa, majuto huwa mjukuu.