Jasho la mke halina risiti

Tangu Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi kuhusu ugavi wa mali ya mume na mke waliotalikiana, mawakili hawajaacha kuvutana. Kuna wanaodai kwamba mke amepokonywa nusu aliyopewa na Katiba. Wengine wanashikilia kwamba haki yake imelindwa. Naonelea kwamba mvutano huo umeliacha kando jambo lenye uzito zaidi, nalo ni ushahidi.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi nchi hii iligawa mali ya wanandoa kwa kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mnamo 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kulea watoto na kutunza nyumba si mchango unaompa mke fungu katika mali iliyoandikishwa kwa jina la mumewe. Ilimbidi aonyeshe fedha alizotoa.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaongeza kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba ni mchango. Hata hivyo, sheria iyo hiyo inasema kila mmoja atapata kwa kadiri ya mchango wake.

Majaji wa Mahakama ya Juu walisema usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu bila ya kuuliza. Kila upande uthibitishe mchango wake, uwe wa fedha au usiwe wa fedha, na kila kesi ipimwe kivyake. Lakini wengi husahau kwamba katika kesi hiyo yenyewe, mahakama iliidhinisha mali igawanywe sawa kwa sawa.

Hapo ndipo nina swali. Mume ana hati ya shamba, stakabadhi za saruji na karatasi za benki. Je, mke aliyekesha na mtoto mgonjwa, akaamka alfajiri kukama ng'ombe, alipewa risiti na nani? Anayedaiwa ushahidi ndiye asiye na karatasi.

Simlaumu mume anayehofia kumgawia nusu ya jasho lake mtu aliyeolewa juzi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ndoa ya miezi sita si sawa na ya miaka ishirini. Bunge lingerekebisha sheria ili katika ndoa iliyodumu, mahakama ianzie kwenye nusu, na anayetaka zaidi ndiye athibitishe. Wakati tukisubiri, mahakimu na majaji waupe ushahidi wa majirani, jamaa na watoto waliokomaa uzito ule ule wanaoipa karatasi ya benki.

Nao walio katika ndoa njema leo wasingoje mahakama. Waliooana kimila waende wakaisajili ndoa yao, na shamba wanalonunua pamoja liandikishwe kwa majina yote mawili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini ni vyema zaidi haki hiyo iandikwe wakati wenyewe wangali wanapendana.