Hoteli Ndogo Mjini: Kivumishi Hakitoi Maji

Kila mara kolasyo inapokaribia, wanafunzi tunapata simu ileile kutoka nyumbani: «Mwanangu, siku ile tutalala wapi?» Mzazi mmoja anatoka Kipese, mwingine Beni. Sherehe inamalizika jioni, na katika hali ya usalama tuliyo nayo hakuna anayetaka kusafiri usiku. Basi mwanafunzi anatumwa kutafuta hoteli Butembo. Amezoea kuchambua sentensi, lakini kibao cha hoteli kinamshinda.

Tuanze na jina lenyewe. Siku hizi watu husikia habari za «hôtel boutique». Jina hilo lilienea baada ya Steve Rubell na Ian Schrager kufungua hoteli ya Morgans mjini New York, mwaka 1984. Rubell alilinganisha hoteli kubwa na maduka makubwa yanayouza kila kitu; yake, alisema, ni kama duka dogo lenye vitu vilivyochaguliwa. Neno boutique limetokana na apothēkē ya Kigiriki, maana yake ghala. Kwetu Butembo, butiki ni pale tunaponunua sukari na sabuni, kwa hiyo jina hilo halimsaidii mzazi. Afadhali tuseme hoteli ndogo yenye sura yake: vyumba vichache, nyumba isiyofanana na nyingine, na mwenyeji anayejua nani amelala wapi.

Mfano unaojulikana uko Zanzibar. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake kadhaa za zamani zimegeuzwa kuwa hoteli ndogo. Huko Hurumzi, nyumba iliyohusishwa na tajiri Tharia Topan sasa inapokea wageni. Mtu huchagua mahali kama hapo kwa sababu nyumba yenyewe ina historia. Butembo nao ni mji uliojengwa na wafanyabiashara, na hoteli zetu nyingi ndogo ni nyumba za watu binafsi. Lakini kibaoni tunaandika «VIP», «Moderne», «Palace». Hivyo ni vivumishi na majina ya kujisifu tu, na kivumishi hakitoi maji. Badala ya kusoma kibao, ingia ndani uulize.

Uliza kwanza juu ya umeme. Je, ni wa jenereta, wa paneli za jua, au wa kampuni? Jenereta inazimwa saa ngapi? Ukijibiwa «saa tatu», hakikisha kama ni saa tatu ya Kiswahili, yaani 21h00, au ni hesabu ya Kifaransa. Mgeni anayepitia Kasindi akumbuke pia kwamba saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Kisha maji. Chumba «chenye dushi ndani» kinaweza kuwa na bomba kavu na bidoni pembeni. Fungua bomba mwenyewe. Butembo kuna baridi, kwa hiyo mama mzee anahitaji maji ya moto na blanketi la pili. Beni, zaidi ya kilomita 50 kutoka hapa, kuna joto; huko angalia chandarua kabla ya blanketi.

Tatu, lango. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na jioni imekuwa fupi. Uliza lango linafungwa saa ngapi, nani analinda, na kama atafungua mgeni akichelewa. Uliza pia kama vyumba hukodishwa kwa saa. Mahali watu wanapoingia na kutoka usiku kucha, mzazi hatapata usingizi.

Nne, fedha. Patana bei kabla ya kuweka mizigo, ujue ni kwa dola au kwa faranga, na kama chai ya asubuhi imo ndani. Chagua noti zako za dola mapema: iliyochanika hata kidogo hukataliwa.

La mwisho ni mwenyeji mwenyewe. Neno hôtel na neno hospitali ni ndugu: yote mawili yanatoka katika hospes ya Kilatini. Sisi wa Butembo na Beni tuliuona undugu huo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mgeni alipolazimika kunawa mikono na kupimwa joto kabla ya kuingia. Hospes aliweza kuwa mgeni au mwenyeji, na hôte ya Kifaransa bado ina maana zote mbili. Kiswahili kimewatenganisha, kisha kikawakutanisha katika methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo ukifika mapokezi, angalia kama yule aliyeketi pale anakuuliza mzazi wako ana umri gani, na kama anaweza kupanda ngazi. Akiuliza hivyo kabla ya kutaja bei, huenda umepata hoteli. Lakini bomba bado ulifungue.