Ratiba ya kliniki iliyogharimu nauli nane

Baba mdogo ni mkulima wa mahindi asiyeona. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Mwaka jana alitaka kujua siku ya kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya wilaya. Ratiba ilikuwamo kwenye tovuti, ila kama picha ya karatasi yenye muhuri. Simu ikatamka "picha", basi. Akapanda gari na mjukuu wa kumwongoza, wakakuta siku siyo.

Tupige hesabu: nauli nne, palizi imesimama, mtoto kakosa shule. Kuichapa ratiba ile kwa herufi ni kazi ya dakika chache.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, toleo la 2.0 la mwaka 2008, unataka picha yenye habari iambatane na maelezo ya maandishi, na fomu ijazike bila kutumia kipanya. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hospitali inayoagiza tovuti iandike masharti hayo kwenye zabuni, kabla fundi hajalipwa; kufumua baadaye ni ghali.

Wiki iliyofuata baba mdogo alirudi. Nauli nyingine nne.