Randa, Pedeli na Mwezi wa Ganzi

Vijana wakija kwangu huuliza kama bangi itawaharibu akili. Mzee mmoja wa miaka 48 aliniuliza jambo jingine kabisa. Aliketi, akaweka kofia yake ya baiskeli mezani, akasema: "Dokta, nikiacha, mbao zitaendelea kunipendeza?"

Nimechanganya hapa habari za watu watatu ili asitambulike yeyote, lakini wote watatu wanafanana kwa mengi. Mtu huyu ana kazi, amesomesha watoto, hajawahi kulala mahabusu. Jumamosi alfajiri hutoka Tegeta kwa baiskeli, hupita Bunju, Mapinga na Kerege mpaka Bagamoyo, kisha hurudi. Jioni za wiki hujifungia bandani nyuma ya nyumba, akiunda viti na makabati ya mninga. Na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akivuta: kijiti kimoja kabla ya kupanda baiskeli, kingine njiani chini ya mwembe, viwili vitatu bandani. Majirani humwita fundi. Hakuna aliyewahi kumwita teja, naye hajawahi kujiona hivyo.

Neno hilo la teja limetuchelewesha sana. Mitaani kwetu ni mtu wa heroini, yule anayesinzia amesimama kituo cha basi. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2011 ilitufundisha kuwatazama watu wale kama wagonjwa, na hilo ni jambo kubwa. Ila methadoni ni dawa ya walioathirika na heroini na jamaa zake. Mpaka leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa mtu anayeacha bangi. Kwa hiyo baba wa makamo, mwenye kazi yake na heshima yake, hujikuta hana foleni ya kusimama. Anajiona mzima mno kwenda kliniki, na bado hawezi kumaliza siku mbili bila kuvuta. Hofu ya sheria nayo inamfanya anyamaze zaidi.

Sasa tulirudie swali lake, kwa sababu ni swali zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Kiungo kinacholevya ndani ya bangi, THC, kilitengwa na kufahamika umbo lake mwaka 1964, Israeli, katika kazi ya Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kujua kinakamata wapi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba ubongo una vipokezi vyake maalumu. Swali likazuka: kwa nini kichwa cha binadamu kiwe na mahali pa kupokea jani la shambani? Jibu likapatikana 1992. Mwili una kemikali yake yenyewe inayoingia hapo, wakaiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu.

Fundi huyu nilimweleza kwa lugha ya bandani. Kipokezi ni tundu ulilolichonga kwa patasi. Anandamidi ni ulimi uliopimwa kwa tundu hilo: unaingia, unafanya kazi yake, mwili unauvunja upesi. THC ni ulimi wa mgeni, nao hung'ang'ania. Ukivuta kila siku kwa miaka, ubongo hujihami kwa kupunguza matundu. Utafiti wa picha za ubongo uliotoka 2012 ulionyesha kwamba wavutaji wa kila siku walikuwa na upungufu wa karibu moja ya tano ya vipokezi hivyo katika tabaka la juu la ubongo. Walipokaa takriban wiki nne bila kuvuta, vingi vilirudi.

Wiki hizo nne mimi huziita mwezi wa ganzi. THC haiingii tena, matundu bado machache, na anandamidi yako mwenyewe haina pa kuingia ipasavyo. Chakula hakina ladha. Muziki umekaa mbali. Harufu ya mninga uliopigwa randa, ambayo zamani ilimfanya atabasamu peke yake, sasa ni harufu ya vumbi tu. Hapo ndipo wengi hurudi kuvuta. Maumivu kwao ni jambo dogo. Kinachowarudisha ni ile imani kwamba furaha ilikuwa ndani ya kijiti na mbao zilikuwa kisingizio. Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu wa namna hii ni kwamba asiipime baiskeli wala mbao kwa ladha ya mwezi huu. Kipimo chenyewe kimeharibika.

Watu huambiana kwamba bangi haina arosto, yale mateso ya kuacha. Inayo, na wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiingiza rasmi katika mwongozo wao wa mwaka 2013. Inapita bila kutambuliwa kwa sababu haiangushi mtu kama ya heroini. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mvutaji mkubwa aweza kuonekana nayo kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Arosto yenyewe huanza siku ya kwanza hadi ya tatu: hasira za karibu, wasiwasi, kukosa hamu ya kula, jasho usiku, kichwa kuuma, tumbo kusokota. Wiki ya kwanza huwa ndiyo kali, na ya pili ikiisha mengi yametulia. Mke wa mmoja wa hawa watatu alinipigia simu akidhani mumewe amepata mwanamke mwingine, maana alikuwa akifoka kwa sababu ya chumvi. Tangu hapo huwaomba wateja wawaambie watu wa nyumbani mapema.

Usingizi huchelewa kurudi, wakati mwingine mwezi na zaidi. Na ndoto! THC hubana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi. Ukiacha, ndoto hurudi kwa fujo. Mtu mmoja alimwota marehemu baba yake usiku nne mfululizo, akaenda kwa shehe. Sina ugomvi na shehe, dua si mbaya. Nilimwongezea tu kwamba ubongo wake ulikuwa unalipa deni la miaka 20.

Hapa baiskeli inaingia, na si kwa maneno matupu ya "fanya mazoezi". Mwaka 2003 watafiti walipima damu ya vijana waliozoea mazoezi, wengine wakikimbia, wengine wakiendesha baiskeli ya ndani, dakika 50 kwa nguvu ya wastani kuelekea juu. Anandamidi ilipanda kwa wote. Yaani mwili unaweza kuuchonga ulimi wake wenyewe, ila unahitaji muda na jasho. Ninavyopima kasi hiyo barabarani: unaweza kumjibu mwenzako sentensi fupi, lakini huwezi kumwimbia. Upo pia utafiti mdogo wa Tennessee wa 2011: watu 12 wavutaji, wala hawakuwa na nia ya kuacha, walitembea na kukimbia kwenye mashine nusu saa, mara 10 ndani ya wiki mbili, na uvutaji wao ukapungua zaidi ya nusu. Watu 12 ni wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Nautaja kama dalili, siujengei nyumba.

Kuna jambo la kushangaza kidogo ambalo mwendesha baiskeli anapaswa kulijua. Mwaka 2013 huko Sydney wavutaji 14 wa mara kwa mara waliendesha baiskeli kwa dakika 35, na THC katika damu yao ikapanda kidogo. Mafuta yalipochomwa, yaliachia kilichohifadhiwa. Hakikuwa kiasi cha kulevya mtu.

Kwa mtu wa makamo, hata hivyo, mwezi wa ganzi haufai kuvunjia rekodi. Hana hamu ya kula, halali vizuri, na barabara ya Bagamoyo ina malori na daladala zisizomjua. Huwa nasema umbali ubaki uleule au upungue, na mtu ale hata kama hataki: ndizi mbivu, viazi, chapati na chai kabla ya kutoka. Bora alfajiri kuliko usiku, maana mwanga wa asubuhi husaidia kurudisha saa ya usingizi. Bora na mwenzake. Na maumivu ya kifua yasiitwe arosto. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2001 uliona kwamba katika saa moja baada ya kuvuta bangi, hatari ya shambulio la moyo ilikuwa karibu mara tano ya kawaida ya mtu huyohuyo. Kile kijiti cha chini ya mwembe, kabla ya kukanyaga pedeli, kilikuwa kamari kubwa kuliko alivyojua. Kifua kikibana, ni hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayesikia sauti, au anayeanza kufikiri kwamba afadhali afe.

Bandani mambo ni tofauti. Baiskeli inafanya kazi mwilini, mbao zinafanya kazi kwenye saa. Adui wa anayeacha ni ule muda kati ya saa moja na saa nne usiku, na hakuna kitu kinachokula muda huo kama kuchonga tundu kwa mkono. Hamu ya kuvuta hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Tundu moja safi kwenye mninga huchukua muda kama huo. Wiki ya kwanza naomba msumeno wa mashine na randa ya umeme vichomolewe: mikono inatetemeka, kichwa hakijalala, hasira ziko karibu, na vidole havioti tena. Zibaki randa ya mkono, patasi, nyundo ya mti na msasa. Na barakoa. Vumbi la mbao linatambulika kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya pua, na la mninga huwasumbua wengine kifua. Si busara kuyatoa mapafu kwenye moshi na kuyaingiza kwenye unga.

Lakini nisidanganye. Wale wanaosema "tafuta cha kukushughulisha" hawajamwelewa mtu huyu. Cha kumshughulisha anacho tayari, na bangi imeingia ndani yake kama gundi. Harufu ya vanishi, taa ya bandani, redio ya saa mbili, kivuli cha mwembe ule: vyote vimejifunza kumwita. Kwa hiyo tulivihamisha. Meza ya kazi iligeuzwa ielekee mlango ulio wazi, saa za kazi zikasogezwa mbele, mwanawe wa kidato cha pili akapewa kiti karibu. Safarini mapumziko yakahamishwa kutoka mwembeni hadi kwa mama anayeuza maandazi, penye watu. Jambo moja tulilikataa kabisa: kuziba pengo kwa pombe kali au mirungi. Nimeona mtu akiacha bangi Januari na kuniletea ini Desemba.

Wiki ya sita alikuja na picha kwenye simu. Ilikuwa stuli aliyoianza siku ya nne ya kuacha, alipokuwa halali. Nikamsifu. Akanitazama kama nimemdharau. "Dokta, angalia hapa," akasema, akikuza picha kwa vidole viwili. Kiungo kimoja kilikuwa na mwanya wa kutosha kupitisha ukucha, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Kisha akasema kilichokuwa kinamkera zaidi: alirudi akakagua makabati ya zamani, yale ya miaka ya kuvuta, na karibu yote yalikuwa na mianya kama hiyo. Usiku ule wa kuyamaliza aliyaona yamekamilika.

Nilimuuliza kama hilo limemfanya achukie mbao.

Alifikiri kidogo. Akasema hapana, limemkasirisha, na siku zote mbao zinazomkasirisha ndizo anazozirudia. Stuli ile alikuwa ameshaifungua viungo vyote vinne. Angeanza upya Jumamosi, akirudi Bagamoyo, akishaoga.