Jenereta Ikikataa Kuamka Asubuhi



Wengi wenu mmetuuliza juu ya jenereta. Stima ikipotea wakati wa mvua, jenereta ndiyo huokoa maziwa kwenye tangi la kupozea, ndiyo husukuma pampu ya maji na kuwasha vyombo vya harambee. Lakini kikundi kinachanga pesa, kinanunua mashine, kinaifungia kibandani, halafu siku ya kuhitajika inakataa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kikundi kimoja cha maziwa hapa Githongo tulichokitembelea. Stima ilipotea usiku. Alfajiri mlinzi akabonyeza stata, ikalia ti-ti-ti-ti, basi. Fundi aliitwa kutoka Meru mjini akafika saa tano, na wakati huo maziwa yalikuwa yameshakatika. Akina mama waliyamwaga wenyewe. Kilichouma zaidi ni kwamba fundi hakubadilisha hata kipuri kimoja. Alisugua vichwa vya betri, akaazima chaji kwenye betri ya pikapu iliyoleta mikebe, na jenereta ikanguruma.

Tulipouliza maswali tukapata mambo mawili. Jenereta ilikuwa haijawashwa kwa miezi mitatu. Tena mlinzi alikuwa ameunganisha taa, redio na chaja ya simu kwenye betri hiyo hiyo. Hatumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Betri ya kuanzishia injini si sawa na betri ya sola. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha injini iirudishie chaji mara moja. Mabamba yake ya risasi ni membamba. Ukiitumia polepole usiku kucha mpaka iishe, mabamba yanashika chumvi nyeupe, na ikikaa hivyo kwa majuma inagandana na haitoki tena. Kwa hiyo taa ya kibandani itafutiwe betri yake. Hata bila kuguswa, betri hupungua yenyewe kidogo kidogo. Na baridi ya Julai huku kwetu karibu na Mlima Kenya inaongeza shida pande zote mbili: betri inatoa nguvu kidogo, na mafuta ya injini yanakuwa mazito kuzungusha.

Sasa, asubuhi jenereta ikikataa, usikimbilie simu ya fundi. Kwanza sikiliza. Kama hakuna sauti yoyote, angalia fyuzi, waya iliyochomoka, na kile kitufe chekundu cha kuzimia kwa dharura. Mara nyingi mtoto amekibonyeza na hakuna aliyekiachilia. Ikilia ti-ti-ti haraka haraka, betri imechoka au vichwa vyake ni vichafu. Ikigonga mara moja tu, "tak!", na isizunguke, shuku stata yenyewe, lakini betri ipimwe kwanza. Na ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, wacha betri kabisa, mara nyingi shida iko kwa mafuta.

Kikundi kinunue mita ndogo ya kupimia umeme. Si ghali, na mafundi wa jua kali wanaweza kuwaonyesha kuitumia. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa chache husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na chini ya 12 imelala. Halafu mmoja abonyeze stata huku mwingine akisoma mita: ikishuka chini ya 9.5 hivi, betri haina nguvu hata kama mwanzoni ilionyesha vizuri. Injini ikishawaka mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji, na kesho mtarudi pale pale.

Hamna mita? Chukueni balbu ya gari ya volti 12, muiunganishe na betri, kisha mbonyeze stata. Balbu ikififia karibu kuzima, betri ni dhaifu. Ikibaki inang'aa na stata imenyamaza, nguvu iko lakini haifiki, basi fuateni waya. Baada ya kujaribu mara mbili tatu gusa miisho ya waya nene kwa uangalifu. Palipo moto ndipo palipolegea au penye kutu. Msibonyeze stata zaidi ya sekunde kumi kwa wakati mmoja. Pumzisheni dakika moja au mbili, la sivyo mtaichoma.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unatokana na asidi. Fungua kwanza waya ya hasi (−), halafu ya chanya (+). Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, na vifuniko vya betri viwe vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Sugua kwa msasa mpaka chuma kiwe safi, funga chanya kwanza, kaza kwa spana na upake grisi juu. Kazi ya robo saa! Ile ya Githongo ilihitaji hiyo tu na chaji.

Juu ya maji ya betri tunaona makosa mengi. Watu wanaongeza asidi. Kinachopungua ndani ni maji, asidi inabaki, kwa hiyo ukiongeza asidi unakula mabamba. Ongeza maji safi ya betri yanayouzwa kwa chupa, yafunike mabamba. Maji ya mto hapana, na ya mvua kutoka kwa mabati pia hapana. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hivyo sigara na kibatari vikae mbali. Asidi ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi bila kukawia na mwende hospitali.

Mkiazima nguvu kwa gari, hakikisheni ni volti 12, kwa maana malori mengi ni 24. Waya nyekundu ianze chanya ya betri iliyolala, iende chanya ya betri nzima. Nyeusi ianze hasi ya betri nzima, na mwisho wake ushikwe kwenye chuma cha injini iliyolala, mbali na betri, kwa sababu cheche hutokea hapo.

Upande wa mafuta tutasema kwa ufupi. Dizeli ikiwahi kuisha kabisa, hewa imeingia kwenye bomba. Legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Jenereta ndogo ya petroli ina swichi inayozuia injini kuwaka oili ikipungua, na ukiiweka kwenye mteremko (na Githongo ni miteremko mitupu) inadhani oili imeisha. Iwekeni mahali palipo sawa. Petroli iliyokaa miezi mingi huziba kabureta, imwageni. Na msiwashe jenereta ndani ya chumba, moshi wake huua watu wakiwa wamelala.

Kikundi kile sasa kina daftari. Kila Jumamosi jenereta inawashwa nusu saa ikiwa imebeba mzigo, na anayeiwasha anaandika volti na sahihi yake. Mweka hazina analiangalia kabla ya mkutano.

Betri iliyokufa kabisa isivunjwe nyumbani kutafuta risasi ya kuuza. Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu wengi kwa sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliagiza wakaaji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Betri yenu ipelekeni dukani mnaponunua mpya na muulize watawapunguzia kiasi gani.