Dawa Kali Yataka Kipimo: Sheria ya Bara Hindi Juu ya Magendo

Ndugu mkulima, unapopeleka kahawa au chai yako kiwandani, unasaidia nchi kupata fedha za kigeni. Fedha hizo ndizo zinunuazo mafuta, mbolea na dawa za mifugo kutoka ng'ambo.

Sasa tazama mambo yaliyotokea Bara Hindi. Majahazi yalileta dhahabu kwa siri kutoka Dubai bila kulipa ushuru, na fedha za kigeni zikatoka nchini kwa njia za siri vilevile. Wakubwa wa magendo hawakuushika mzigo kwa mikono yao. Waliokamatwa pwani walikuwa wachukuzi tu, na mashahidi waliogopa kusema.

Kwa hiyo mwaka 1974 Bunge la huko lilipitisha sheria, ikaanza kazi tarehe 19 Desemba. Kwa sheria hiyo mtu aweza kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, ili azuiwe kufanya magendo siku zijazo.

Je, mtu asiye na hatia atajilinda vipi? Wewe wajua dawa ya josho: ikiwa nyepesi, kupe hawafi, ikizidi, ng'ombe huungua. Sheria hii nayo ina vipimo vyake:

1. Aliyefungwa aambiwe sababu, kwa kawaida katika siku 5, wala zisipite 15.

2. Katika majuma 5 habari zake zipelekwe mbele ya baraza la watu watatu wenye sifa za ujaji. Wakiona hakuna sababu ya kutosha, lazima aachiliwe. Lakini mbele yao hana haki ya kusemewa na wakili.

3. Kifungo kisizidi mwaka 1, au miaka 2 katika mambo fulani.

Mwaka 1975 Serikali ya huko ilitangaza hali ya hatari, na sheria ikabadilishwa hata mtu akaweza kufungwa bila kuambiwa sababu. Kipimo kilitupwa, dawa ikabaki. Hali hiyo ilikwisha mwaka 1977, lakini sheria yenyewe ingalipo.

Magendo ni wizi wa jasho lako, na yafaa yazuiwe. Lakini ukisikia watu wakitaka wafanya magendo wafungwe bila hukumu, uliza: Wataambiwa sababu? Nani atapima sababu hizo? Watakaa siku ngapi? Maana siku moja anayeshukiwa aweza kuwa jirani yako, au wewe mwenyewe.