Hila za Akili ya Mzee

Kila nikimsikia kijana akimwambia babu yake, "Wacha, Babu, umechoka, nitafanya mimi," hujiuliza ile haraka ni ya nini. Siku hizi mzee akichelewa kutaja jina la mtu, twasema amekwisha. Wahenga walisema utu uzima dawa, na wataalamu nao wametuonyesha jinsi dawa hiyo inavyofanya kazi.

Si siri kwamba akili hupungua mbio kadiri umri unavyosonga. Jina hukwama ulimini, hesabu huchukua muda, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja huwa mzigo. Hata hivyo, akili hiyo hiyo hujitafutia njia nyingine.

Mwaka wa 1984, Timothy Salthouse wa Marekani aliwapima wapiga taipu wenye umri wa miaka 19 hadi 72. Walipotakiwa kujibu ishara upesi, wazee waliachwa nyuma. Lakini walipopewa maandishi wayapige taipu, walikwenda sambamba na vijana! Siri yao ilikuwa macho. Walisoma mbele zaidi ya herufi waliyokuwa wakiipiga, kidole kikapata wasaa wa kujitayarisha.

Arthur Rubinstein, mpiga piano mashuhuri mzaliwa wa Poland, alipiga hadharani mpaka mwaka wa 1976, akiwa na miaka 89. Naye alikuwa na hila zake. Alipunguza idadi ya nyimbo, akazidisha mazoezi ya zile chache alizobakiza, na kabla ya kufika penye mbio alipunguza mwendo makusudi, ili mbio zenyewe zisikike kubwa.

Ndani ya kichwa nako kuna maajabu. Mwaka wa 2002, Roberto Cabeza na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakijaribu kukumbuka mambo. Katika sehemu ya mbele ya ubongo, vijana walitegemea zaidi upande mmoja. Wazee waliokumbuka vizuri walitumia pande zote mbili, kama mtu aliyeona mzigo wamwelemea akaongeza mkono wa pili. Wazee waliofanya vibaya walibaki na upande mmoja tu, sawa na vijana.

Sisemi kwamba kila usahaulifu ni wa kupuuzwa. Mzee anayepotea njia ya kwenda nyumbani kwake apelekwe kwa daktari. Lakini anayechelewa tu, msomaji, mwache. Mwache ahesabu mwenyewe mahari ya mjukuu wake, na asimulie habari za ukoo bila kukatizwa. Wapiga taipu wale na mpiga piano yule walipata hila zao kwa sababu hawakunyang'anywa kazi yao.

Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti neno hilo lingojewe.